Maembe Yaliyoanguka Ilemba

Abiria wenzangu waliokuwa wakishuka bondeni asubuhi ile walibeba ndoo tupu. Nilizihesabu wakati utingo akizifunga juu ya gari pale Sumbawanga: ndoo 11 za plastiki, zimechomekwa moja ndani ya nyingine na kukazwa kwa mpira wa tairi. Mama aliyeketi ubavuni mwangu alikuwa amejitanda kitenge juu ya sweta. Nilipomuuliza wanakwenda kuchukua nini, alinijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Maembe, dada. Huku juu hatuna."

Sumbawanga ipo kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na mwezi wa Novemba asubuhi zake bado ni za koti. Mwembe haupendi baridi ya namna hiyo. Ilemba ipo chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa, na maji ya ziwa lenyewe yametulia kwenye mita 800 hivi. Kati ya huku na kule umesimama ukuta wa mlima, Lyamba lya Mfipa, na maembe yote yanayoliwa mjini kutoka bondeni sharti yaupande ukuta huo, kwa gari, kwa bodaboda au kichwani mwa mtu. Mimi nami nilikuwa na ndoo zangu 4, zenye vifuniko. Sikukusudia kutia ndani yake embe la kula. Nilikuwa nakwenda kufuga nzi.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamivu unahusu nzi wa matunda, na namna watu wa vijiji vya mbali wanavyoweza kumdhibiti. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisiufanye Mkuranga au Morogoro, kwenye mashamba ya maembe yenye mistari na mipaka, ambako mwenye shamba ana daftari, bomba la kupulizia na mnunuzi anayemsubiri. Jibu langu ni kwamba mengi tunayoyajua kuhusu kumdhibiti nzi huyu yamejaribiwa kwenye mashamba ya namna hiyo. Sasa kuna mamilioni ya miembe Afrika Mashariki isiyo shambani. Ipo uani, makaburini, kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule na vya makanisa. Nzi hasomi mpaka wa shamba.

Barabara ya Tunduma ni lami, inakata nyanda za Ufipa zilizo wazi kiasi kwamba unamwona mchungaji kabla hujawaona ng'ombe wake. Kandokando ya mashamba kulikuwa na matuta ya mviringo, yale ambayo Wafipa huyaita intumba. Nyasi hulimwa, hulundikwa na kufunikwa kwa udongo, zikaachwa zioze. Msimu unaofuata lundo husambazwa na kupandwa mahindi, maharage au ulezi. Udongo wa juu huku si wa kujivunia, na watu wameulisha kwa kuzika nyasi tangu kabla mbolea ya dukani haijafika. Niliyatazama tu matuta hayo, nikayapita. Sikujua kwamba wiki tatu baadaye mzee mmoja angenirudisha kwayo.

Kalambanzite tuliiacha lami tukapinda kushoto. Mwanzoni ni kama barabara yoyote ya vumbi. Halafu ardhi inakwisha. Bonde lote linafunguka chini yako, ziwa likiwa mbali kama bati lililoachwa juani, na barabara inaanza kujikunja kwenye ubavu wa mlima. Dereva alitia gia ndogo hakuitoa tena. Kwenye kona kali utingo aliruka chini na gogo lake mkononi, akatembea nyuma ya gurudumu, tayari kuweka kabari. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza. Masikio yaliziba, yakazibuka. Sweta zikaanza kuvuliwa moja moja, kisha vitenge, na tulipofika chini madirisha yote yalikuwa wazi na jasho linatutiririka. Kwa safari ya asubuhi moja tulikuwa tumebadilisha hali ya hewa, mazao na mavazi.

Na wadudu pia. Ukuta huo ndio ulionivuta Ilemba.

Nzi ninayemfuata si mwenyeji wa bara hili. Mwaka 2003 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, walimgundua pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Hakuna aliyekuwa na jina lake. Mwaka 2005 akaitwa Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na asili yake ikatajwa kuwa Sri Lanka. Katika miaka michache alikuwa ameivuka Afrika hadi Senegali. Mwaka 2015 wataalamu wakahitimisha kwamba huyu ndiye yuleyule Bactrocera dorsalis ambaye Asia imemjua kwa zaidi ya karne moja. Kenya iliumizwa na nzi wa matunda kiasi kwamba mwaka 2014 ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya, na ikachukua miaka 7 kurudi sokoni.

Kwetu, Maulid Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake, pamoja na Marc De Meyer wa jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, walitega mitego kutoka chini hadi juu ya milima ya Uluguru. Waliona jambo ambalo tangu nilisome halijaniacha: chini, kwenye joto, mgeni ndiye mtawala, kadiri unavyopanda ndivyo anavyopungua na kumwachia nafasi Ceratitis rosa, nzi wa Kiafrika anayevumilia ubaridi. Uluguru ni ngazi. Ufipa ni ukuta. Mgeni anatawala bondeni. Je, akipandishwa juu ndani ya embe, kila siku, ndoo kwa ndoo, baridi itamzuia mpaka lini? Ndiyo maana zile ndoo tupu zilinitia wasiwasi tangu stendi.

Ilemba nilikuta mvua za kwanza zimeshapiga. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imechanganyika na nyingine, tamu na kali, kama pombe iliyosahauliwa. Nilikwenda ofisi ya kata na barua zangu, nikapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akanipeleka kwa bibi mmoja mwenye chumba cha wageni na mwembe mkubwa uani. Bibi alipokea shikamoo yangu, akaitazama mizigo, akasema, "Marahaba mwanangu. Ndoo zote hizi unahamia?"

Usiku ule sikulala sana. Kila baada ya muda embe lilianguka: du! kwenye udongo, au kishindo kikubwa juu ya bati la jikoni. Alfajiri nilitoka na tochi. Ua mzima ulikuwa na maembe, mengine mazima, mengine yamepasuka, na kuku walikuwa wameshaamka wanaparua chini ya mti. Niliokota moja lililoonekana zuri. Upande mmoja lilikuwa na nukta ndogo nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini, na tone la utomvu lililokauka pembeni yake. Hapo ndipo jike lilipochoma kwa mkia wake na kutaga mayai chini ya ngozi. Nilibonyeza, kidole kikazama. Nilipolikata, nyama yake ilikuwa imegeuka uji wa kahawia unaocheza.

Mjukuu wa bibi, mvulana wa miaka 7 hivi, alikuwa amechuchumaa karibu nami. "Subiri," akaniambia. Alichukua funza mmoja kwa kijiti, akamweka juu ya jiwe. Funza akajikunja, kichwa kikakutana na mkia, kisha akajifyatua, akaruka zaidi ya shubiri moja. Mtoto akacheka kwa furaha. Kwenye vitabu vyangu imeandikwa kwamba funza hawa, wakikomaa, huruka hivyo ili wafike kwenye udongo laini wajizike. Yeye alikuwa ameligundua jambo hilo mwenyewe.

Siku zile za kwanza nilizunguka na dodoso langu. Swali la 6 liliuliza: ukubwa wa shamba lako la maembe, kwa ekari. Swali la 7: idadi ya miembe unayomiliki. Nyumba ya kwanza waliniambia hawana shamba la maembe. Shamba lao ni la mpunga. Na mwembe huu? Huo ni wa baba mkubwa, aliupanda, ameshafariki. Matunda je? Ya wote. Nyumba ya pili mwembe ulikuwa umesimama kati ya viwanja viwili, na kila upande ulisema ni wa upande wa pili. Nyumba ya tatu waliniuliza, kwa dhati kabisa, mtu anawezaje kuumiliki mwembe alioukuta duniani. Hadi jioni ya siku ya pili swali la 6 lilikuwa na sifuri tupu.

Niliona aibu, kisha nikaona faida. Mapendekezo yote niliyokuja nayo yalianza na maneno "mwenye shamba afanye". Aokote maembe yaliyoanguka mara 2 kwa wiki. Ayafukie, au ayafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani. Anyunyizie chambo. Ilemba hayo yote hayakuwa na mtu wa kuyatenda, maana embe likiwa mtini ni la yeyote mwenye njaa, na likianguka likaoza si la mtu tena. Mpunga una bei. Ufuta una bei, na msimu wake malori hushuka mlimani. Embe bovu chini ya mwembe wa marehemu baba mkubwa, nani atainama kwa ajili yake? Na ndani ya embe hilo wamo wadudu kumi, ishirini, wanaosubiri kuingia udongoni. Wiki mbili hivi, nao wako hewani, wanatafuta embe la jirani.

Nilibadilisha dodoso. Nikafuta ekari, nikaweka swali jipya: nani alikula matunda ya mwembe huu wiki iliyopita? Majibu yakaanza kujaa hadi pembeni mwa karatasi.

Kulikuwa na swali jingine nililolihofia zaidi: funza wanatoka wapi? Wengi walisema wanatokana na mvua. Mvua ikianza, embe linaingia maji, linazaa funza. Wengine walisema embe lenyewe huzaa likichelewa kuchumwa. Sikuyadharau majibu haya, na ninaomba msomaji naye asiyadharau. Yametokana na kutazama. Mvua zinapoanza, nzi huongezeka kweli, na embe linalokomaa mapema msimuni huponyoka wakati linalochelewa linaliwa lote. Mitego ya Morogoro imeonyesha jambo hilohilo. Kilichokosekana ni nzi mwenyewe, kwa sababu jike hutaga kwa muda mfupi, juu mtini, na watu humdhania nyigu mdogo. Ulaya nako wasomi waliamini kwa karne nyingi kwamba nyama iliyooza huzaa funza, hadi mwaka 1668 Mwitaliano Francesco Redi alipoweka nyama kwenye mitungi, mingine akaiacha wazi na mingine akaifunika kitambaa.

Basi nikaamua kufanya ya Redi uani kwa bibi.

Mchanga tuliuchota mtoni. Bibi aliuchekecha kwa chekeche la unga wake wa zamani, tukaukaanga kwenye sufuria ili kusibaki kiumbe hai ndani yake, tukauacha upoe. Nikatandaza mchanga wa vidole viwili chini ya kila ndoo, juu yake wavu wa waya, na juu ya wavu maembe yaliyookotwa. Vifuniko nilikuwa nimevitoboa na kuviziba kwa kipande cha chandarua. Ndoo tukaziweka barazani, mahali ambapo kila aingiaye lazima azione. Kisha mjukuu akapanda mtini na magazeti ya zamani na uzi wa katani. Tulikuwa tumechagua maembe 12 yaliyojaa lakini bado mabichi, magumu, yasiyo na alama ya kuchomwa kwa kadiri ya macho yangu. Aliyavika moja moja: gazeti mara mbili, fundo kwenye kikonyo. Jioni mwembe wa bibi ulionekana kama umepambwa kwa sherehe, na watoto wa mtaa mzima walikuja kuuliza nani anaoa.

Wakati tukisubiri, nilitega mitego. Ni chupa za maji ya dukani zilizotobolewa ubavuni, ndani pamba yenye kivutio kiitwacho methili eujenoli pamoja na tone la sumu. Kivutio hicho ni mafuta yaliyomo pia kwenye mimea, mrehani unayo. Madume ya Bactrocera huyafuata mafuta hayo kwa pupa, huyala, na harufu yake huwasaidia kuyapata majike. Kesho yake chupa zilikuwa na tabaka jeusi la nzi chini. Vijana waliokuwa wakinisaidia walishangilia. "Dada, wamekwisha hawa!"

Ilinibidi niwaambie ukweli, nao haukupendeza. Wote wale ni madume. Dume mmoja aliyebaki anatosha majike mengi, na jike lililokwisha kupandwa haliji kwenye chupa yako hata kidogo. Liko mtini linataga, na katika maisha yake linaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Njia hii imewahi kumfuta kabisa nzi huyu kwenye kisiwa cha Rota, katika Bahari ya Pasifiki, miaka ya 1960, lakini ndege zilidondosha vipande vyenye kivutio juu ya kisiwa kizima, na pande zote kulikuwa na bahari. Ilemba si kisiwa. Mtego wa chupa kwangu ni kipimo, unaniambia nani yupo na kiasi gani. Anayewauzia wanakijiji chupa moja na kuwaambia ni kinga anawaonea.

Kwa jike dawa yake ni njaa. Kabla hajakomaza mayai anahitaji protini, kwa hiyo chambo cha protini kikitiwa sumu kidogo na kunyunyiziwa sehemu ndogo tu ya mti, humnasa kabla hajafika kwenye tunda. Huko Kenya chambo hicho kimetengenezwa kutokana na hamira inayobaki kwenye viwanda vya bia. Nilipolieleza hili kwa akina mama waliokuwa wakipepeta mchele, mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: "Machicha ya pombe yetu je? Sisi tunayamwaga kila wiki." Nilifunga mdomo. Nikaandika swali lake kwenye daftari, nikalipigia mstari. Sina jibu la kumpa mpaka nijaribu, lakini limo sasa ndani ya utafiti, na ni swali bora kuliko mengi niliyoyabeba kutoka chuoni.

Siku ya 4 maembe ndani ya ndoo yalikuwa yamelegea na maji yake yanachuruzika. Siku ya 7 nilichekecha mchanga wa ndoo ya kwanza mbele ya watu, na pupa, yaani funza waliokwisha kujifunga ndani ya ganda, wakabaki kwenye chekeche: vidude vya kahawia, vimenyooka, ganda gumu, ukubwa wa punje ya mchele. Bibi akaweka kadhaa kiganjani, akavisogeza kwa kidole cha shahada. Amepepeta mpunga maisha yake yote. "Hizi nimeziona," akasema taratibu. "Nikifagia chini ya mti naziona. Nilidhani ni mbegu za majani."

Siku ya 16, asubuhi, mjukuu alikuja kunigongea mlango kwa viganja vyote viwili. Ndani ya ndoo, upande wa chini wa chandarua, walikuwa wamening'inia nzi. Wapya kabisa, rangi bado hafifu, mbawa zimenyooka. Hadi saa nne walikuwa wamekolea: mgongo mweusi wenye michirizi miwili ya njano, mbawa angavu zenye ukingo mwembamba wa giza, na juu ya tumbo alama kama herufi T. Katikati yao niliona wachache wadogo zaidi, wa manjano, mbawa zimechorwa mabaka. Hao nahisi ni wa jamii ya Ceratitis, wenyeji, lakini nitasema kwa uhakika darubini ikithibitisha. Baraza ikajaa watu. Mchanga ulikaangwa mbele yao. Kifuniko hakikufunguliwa. Mzee mmoja alizunguka ndoo mara mbili, akainama, akatazama, akainuka. "Kumbe tunawafuga wenyewe," akasema.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kesho yake chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, juu ya zulia la maembe yaliyooza, na sikuhitaji kulieleza hilo. Watu walikuwa na dukuduku. Mwanamke mmoja alisema waliwahi kuja watafiti kuuliza mambo ya kilimo, wakapiga picha, wakaandika majina, na hadi leo hakuna aliyerudi kusema walichokiona. Alisema bila hasira, na ndiyo maana iliniuma. Nikawaahidi kurudi na majibu kabla sijayapeleka kwingine kokote. Ahadi hiyo imeandikwa kwenye muhtasari wa kijiji, kwa mkono wa mtendaji, na ninaandika hapa pia ili iwe na mashahidi zaidi.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kufukia. Shimo liwe la kina gani? Nikasema nusu mita kwenda chini, na udongo ushindiliwe, kwa sababu nzi mchanga anaweza kujipenyeza kutoka kwenye udongo wa juujuu. Nani achimbe? Kimya. Nani afukie embe la mti usio wake? Kimya kirefu zaidi. Kijana mmoja akasema waziwazi kwamba hawezi kuchimba shimo kwa ajili ya takataka wakati shamba lake la mpunga linamngoja, na wengi wakakubaliana naye. Nami moyoni nilikubaliana naye.

Ndipo mzee wa zile ndoo akaomba nafasi. Alizaliwa juu, Ufipa, akashuka bondeni akiwa kijana. Alisema kwao hakuna aliyeita nyasi takataka. Mama yake alizika nyasi kwenye intumba mwaka huu, na mwaka kesho wakala ulezi kutoka palepale. "Embe nalo ni nyasi ya huku," akasema. "Mimi sitachimba shimo la kutupia. Nitachimba shimo la mgomba. Nitalijaza maembe ya barabarani, ya kanisani, ya nani sijui, nitashindilia, na mvua zikikolea napanda mgomba juu yake. Atakayekuja kudai embe lake aje adai kwenye mkungu." Watu wakacheka, lakini kicheko cha kukubali. Mama wa machicha akasema basi shimo la mwembe wa ofisi lichimbwe na watakaokula ndizi za ofisi. Mwenyekiti akaandika.

Sijui kama nimewahi kusoma katika makala yoyote ya kitaalamu hoja iliyobana hivyo. Nilikuja na kanuni ya usafi wa shamba. Mzee akaipa mwenyewe, akaipa sababu, akaipa tunda. Kabla sijaondoka niliona mashimo 5 yameshachimbwa. Ni machache mno kwa kijiji chenye miembe mingi namna ile, na nzi haoni haya kuruka kutoka kitongoji kisichochimba kwenda kinachochimba. Nitayahesabu tena nitakaporudi, na safari hii nitapima pia migomba.

Siku ya kuondoka niliwatia nzi wangu kwenye vichupa vya spiriti. Hakuna hata mmoja niliyempandisha mlimani akiwa hai, wala pupa mmoja. Mchanga wote niliuchemsha. Nilikuwa nafunga mizigo nikamwona bibi anakuja na kikapu, na moyo ukanishuka. Mgeni haondoki mikono mitupu, na embe ndilo alilo nalo. Ningelikataaje? Na ningelipandishaje, mimi niliyewaambia watu wiki tatu kwamba nzi husafiri kwa nauli ya mwanadamu?

Kumbe kikapuni kulikuwa na magazeti. Tulikuwa tumeyafungua maembe 12 pamoja asubuhi ya jana yake: mawili yalikuwa na funza, yamechomwa kabla hatujayavika, jambo ambalo nililieleza na kuliandika. Mengine tuliyakata manne mbele ya majirani, masafi yote. Sita yaliyobaki bibi alikuwa ameyavika tena magazeti yake, kwa uzi uleule. "Chukua mwanangu," akasema. "Haya hayana mtu ndani."

Gari lilijaa. Ndoo zilikuwa juu, sasa nzito, zimefunikwa majani, na kila tulipopita kwenye jiwe nilisikia zikigongana. Mama aliyekaa karibu nami, si yule wa kushuka lakini wa biashara ileile, alikitazama kikapu kwa muda mrefu. Kwenye kona ya tatu ya mlima akashindwa kujizuia. "Dada, samahani. Mbona maembe yako yamevaa?"

Nilimpa moja na kisu. Alilivua gazeti polepole, akaligeuza akitafuta nukta nyeusi, kumbe anaijua, akalinusa kwenye kikonyo. Utingo alikuwa chini na gogo lake, anatembea nyuma ya gurudumu. Mama akaliweka embe juu ya goti, akalipasua hadi kwenye kokwa, na abiria wawili wa kiti cha mbele wakageuka kutazama.